Mfuko wa kitambaa wa kubebea mkate na vitafunio: kuushona, kuutumia na kuufua

Mkate ukiisha, karatasi yake ya plastiki haitupwi. Inakung'utwa makombo, inakunjwa, na kesho asubuhi inafungiwa mandazi mawili ya mtoto wa shule. Nyumba nyingi hapa Kisumu zimekuwa zikiishi hivyo tangu tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kufanya kazi nchini. Marufuku ile ilishika mifuko ya kubebea na ile myembamba ya kufungia, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Karatasi ya mkate ilipona kwa kuwa bidhaa hufungwa ndani yake kiwandani, na ndiyo ikarithi kazi ya zile nailoni za zamani.

Kazi yenyewe haiiwezi. Mafuta yanaganda kwenye mikunjo, sabuni haifiki kila mahali, na baada ya safari mbili tatu inapasuka na kuishia mtaroni, kisha ziwani. Wengine hufunga kwa gazeti au kwa kurasa za daftari la zamani. Angalia mandazi yaliyokaa kwenye gazeti hadi saa nne: upande wa chini una kivuli cha herufi. Huo ni wino uliohamia kwenye mafuta, na mtoto anaula.

Mfuko wa kitambaa unamaliza habari hiyo kwa vyakula vingi vikavu, na unashonwa kwa muda mfupi kuliko wa kupika githeri. Niseme msimamo wangu mapema, ili ujue kwa nini hapa chini nakataa vitu vingi ambavyo wengine huvisifu: mfuko wa chakula usiokauka usiku mmoja hautatumika. Utafuliwa Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi utakuwa bado na unyevu, na mtoto ataondoka na karatasi ya mkate kama kawaida. Kwa hiyo kitambaa kiwe chembamba, mshono uwe wa kawaida, na ndani kusiwe na plastiki, sponji wala zipu.

Kitambaa

Unataka pamba tupu, iliyofumwa kwa kubana, isiyovutika. Kitenge cha pamba kinafaa sana kwa nje. Leso pia inafaa, ingawa ni nyepesi zaidi. Kwa ndani, yaani bitana, tafuta pamba nyeupe au ya rangi hafifu, maana kwenye bitana nyeupe uchafu unaonekana, na kuuona ndiyo shabaha. Bitana ya maua mengi huficha doa la mafuta hadi linuke.

Chanzo nikipendacho cha bitana ni shuka za mitumba. Siku ya Jumapili soko la Kibuye linafurika, na kwenye marundo ya shuka utapata pamba ambayo tayari imefuliwa mara nyingi, imeshanywea, na haitoi rangi tena. Inue shuka juani kabla ya kulipa. Katikati, pale watu walipolalia, kitambaa huwa kimekonda na mwanga unapita. Pembeni na upande wa miguuni bado kina nguvu. Kata kutoka pembeni, na hiyo ya katikati ifanye matambara ya jikoni.

Sasa, utajuaje kama ni pamba? Ukimuuliza muuzaji, "Mama, hii ni pamba?" jibu ni lilelile kila kibanda: "Pamba safi, kastoma wangu, shika uone." Kushika peke yake hakutoshi, kwa sababu vitenge vingi vinavyouzwa kwa bei ya chini ni poliesta iliyochapwa maua yaleyale. Omba kipande kidogo cha ukingoni, au nunua kisha upime nyumbani kabla ya kukata. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo dogo juu ya sinki au bati, na uziwashe kwa kiberiti.

Pamba inashika moto mara moja na kuwaka kwa utulivu. Inanuka kama karatasi inayoungua, na inaacha jivu la kijivu linalosagika ukiligusa kwa kidole. Poliesta hukimbia moto: inajikunja, inayeyuka, inatoa harufu kali ya plastiki, na ikipoa inabaki tone gumu jeusi lisilovunjika kwa ukucha. Ukipata jivu lenye punje ngumu ndani yake, hicho ni mchanganyiko. Mchanganyiko si sumu na mfuko utashonwa, ila unashika harufu ya mafuta kuliko pamba na hauvumilii kuchemshwa mara kwa mara.

Vitambaa vingine viache kabisa. Kitambaa cha mwavuli kina dawa ya kuzuia maji ambayo haikutengenezwa kukaa na chakula. Pazia la bafu la plastiki vivyo hivyo. Gunia la sukari ni plastiki iliyofumwa, na ile mifuko ya rangi inayouzwa supamaketi, inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki: ipige pasi uone inavyojikunja. Najua kishawishi ni kuweka bitana isiyopitisha maji ili hata embe lililokatwa liingie. Lakini bitana ya namna hiyo ndiyo isiyokauka, na katika pembe zake ndimo ukungu unamoanzia. Embe liweke kwenye mkebe wenye kifuniko.

Kitambaa kipya kifue kabla ya kukipima, kwa maji ya moto, kisha ukianike na kukipiga pasi. Pamba mpya hunywea, na mfuko ulioshonwa kabla ya kunywea utajipinda kwenye mishono baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Leso mpya nyekundu au nyeusi ifue peke yake, tena na tena, hadi maji yatoke meupe. Wapo wanaoloweka kwa chumvi ili rangi ishike. Mimi siitegemei chumvi. Rangi za viwandani zikishatoka zimetoka, na kinachosaidia ni kusuuza hadi ziada iishe.

Vipimo

Mfuko ninaoueleza hauna zipu, kifungo wala velkro. Unafanana na foronya ya mto yenye kifuniko cha kukunja: kipande kimoja kirefu kinakunjwa mara mbili, pande mbili zinashonwa, na kifuniko kinageuzwa kuuziba mdomo. Zipu nimeikataa kwa sababu makombo yanaingia kwenye meno yake, na ya chuma hushika kutu. Velkro inanasa nyuzi na mabaki ya mkate, na kila inapofunguliwa darasa zima linajua nani amebeba nini.

Mfuko wa mkate uliopakwa siagi, vipande viwili vilivyobanwa pamoja: kata kitambaa cha nje sentimita 19 kwa 42, na bitana vivyo hivyo. Ukimaliza utapata mfuko wa sentimita 17 kwa 17, ambao pia unabeba chapati moja iliyokunjwa mara nne, au mandazi mawili ya kawaida.

Mfuko mdogo wa njugu, bisi, simsim au matunda makavu: kata 17 kwa 30.

Mfuko mrefu wa chapati ya kuviringisha: kata 14 kwa 58.

Mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 110 inatoa vipande 10 vya mfuko wa mkate, vitano kwa upana na viwili kwa urefu, na inabaki kamba pembeni inayotosha kipande kimoja cha mfuko mrefu. Maana yake mita moja ya kitenge na mita moja ya bitana ni mifuko 10, inayotosha watoto watatu, mitatu kila mmoja, na mfuko mmoja wa akiba. Kama una mabaki kwa fundi wako wa nguo, usinunue chochote. Vipande vya sentimita 19 kwa 42 ndivyo hivyo ambavyo fundi anafagia jioni, na ukimwomba vizuri atakuwekea.

Jambo moja kabla ya kukata. Kama kitambaa chako kina ndege, samaki au maandishi, tandaza kipande huku upande wa kifuniko ukiwa mbali nawe, na uhakikishe ndege wamesimama kichwa chini. Inaonekana kinyume, lakini ukishakunja, upande wa mbele wa mfuko na kifuniko chake vitakuwa na ndege waliosimama wima. Ukitumia leso, unaweza kukata ili sehemu ya jina lake iangukie kwenye kifuniko. Mtoto anayejifunza kusoma atalisoma kila siku saa nne, basi lichague vizuri. Majina mengine ya leso si ya kupelekwa shule.

Kushona kwa cherehani

Sindano namba 14 inatosha kwa kitenge na shuka. Kama kitenge chako ni kizito, weka namba 16. Uzi wa poliesta wa kawaida unafaa, na urefu wa mshono uwe milimita 2.5 hivi. Kwa cherehani ya miguu isiyo na namba, shona kipande cha majaribio: ukihesabu mishono minne katika sentimita moja, uko sawa.

1. Weka kitambaa cha nje na bitana uso kwa uso. Shona ncha mbili fupi tu, zile za sentimita 19, ukiacha sentimita 1 ya ukingo. Pande ndefu ziache wazi.

2. Pindua, ili nyuso za vitambaa zitoke nje. Piga pasi mshono wa kila ncha hadi ulale. Kisha pitisha mshono wa juu, milimita 3 kutoka ukingo, kwenye ncha zote mbili. Usiuruke. Ndio unaozuia bitana isichungulie nje na isivutike mtoto anapoingiza mkono. Sasa una kipande cha sentimita 19 kwa 40 chenye ncha mbili zilizomalizika.

3. Kitandaze mezani, kitambaa cha nje kikiangalia juu. Kwa chaki weka alama sentimita 8 kutoka ncha ya mbali, na sentimita 15 kutoka ncha ya karibu nawe.

4. Kunja ncha ya mbali kwanza, hizo sentimita 8, kuja kwako. Hicho ndicho kifuniko. Kisha kunja ncha ya karibu, hizo sentimita 15, kwenda juu, ipande juu ya kifuniko. Zitapishana kwa sentimita 6. Mpangilio huu usiubadilishe: kinachokunjwa kwanza ndicho kitakachokuwa nje baada ya kupindua. Ukianza na ule upande mrefu, kifuniko kitaishia ndani ya mfuko na makombo yatamwagika begini.

5. Bana kwa pini. Shona pande zote mbili kuanzia mkunjo wa juu hadi wa chini, ukiacha sentimita 1 ya ukingo. Rudisha cherehani nyuma mwanzoni na mwishoni. Katikati, pale kifuniko na upande wa mbele vinapopishana, kuna tabaka sita za kitambaa, na hapo ndipo sindano huvunjika. Acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono mshono kwa mshono hadi uvuke, kisha urudi nyuma na kupita tena mahali hapo. Mtoto akifungua mfuko huvuta sehemu hiyohiyo.

6. Punguza ukingo ubaki nusu sentimita, kisha uzungushie zigizagi. Kama cherehani yako ina mshono ulionyooka tu, pita mara mbili kwa mistari inayokaribiana, au mpelekee fundi mwenye ovaloki azipitishe zote kwa pamoja. Kingo zikiachwa wazi zinatoa nyuzi, na nyuzi zinafuata mkate.

7. Pindua. Sukuma pembe kwa ncha butu ya mwiko, usitumie mkasi. Kifuniko kitakaa chenyewe juu ya mdomo wa mfuko. Piga pasi, na kazi imeisha.

Kwa mfuko mdogo badilisha alama tu: kifuniko sentimita 6, upande wa mbele 10. Kwa mfuko mrefu wa chapati: kifuniko 8, upande wa mbele 23.

Kuna toleo la haraka zaidi, la tabaka moja. Kata shuka ya zamani sentimita 19 kwa 44, kunja pindo la sentimita 2 kila ncha fupi, na uendelee kutoka hatua ya tatu. Halina bitana na si la kuonyesha wageni, lakini linakauka upesi kupita yote. Msimu wa mvua mimi hutumia haya tu.

Bila cherehani

Inawezekana kabisa, na mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya sehemu kubwa. Tumia uzi mara mbili. Usishone kwa kupitisha sindano juu na chini tu, maana mshono huo ukikatika mahali pamoja unafunguka wote. Sindano ikitokeza mbele, irudishe nyuma nusu ya hatua, iingie, itokeze tena mbele ya pale ilipotoka. Mishono inashikana na haiachi nafasi. Kwenye tabaka sita, sukuma sindano kwa upande wa kijiko badala ya kidole. Kingo malizia kwa kuzungushia uzi, kama unavyoshonea blanketi.

Weka alama ya mwenyewe kabla ya kuufunga mfuko, ukiwa bado umetandazwa: herufi mbili za uzi wa rangi kwenye kifuniko zinatosha. Kwa ndugu wanaosoma shule moja ni rahisi zaidi kumpa kila mmoja kitambaa chake, wa maua ya samawati na wa maua ya manjano, na ugomvi wa asubuhi unapungua.

Kinachoingia na kisichoingia

Kitambaa kinapumua. Hiyo ni faida kwa vitu vikavu na hasara kwa vyenye maji. Njugu za kukaanga, bisi, biskuti, mkate, chapati, mandazi magumu yaitwayo ngumu, viazi vitamu vilivyochemshwa na kupoa, ndizi na chungwa lisilomenywa: vyote vinasafiri salama. Mkate utakauka kidogo pembeni ukikaa hadi jioni, lakini wa kuliwa saa nne au saa saba hauna shida. Ukiwa na wasiwasi, bana vipande vizuri na uvipange upande wenye siagi ukiangalia ndani.

Mandazi yaliyotoka kwenye karai yasiingie yakiwa moto. Mvuke unaloweka kitambaa, kitambaa kinarudisha unyevu kwenye mandazi, na saa nne mtoto anakula kitu kilichoregea. Yatandaze kwenye ungo au sahani pana hadi yapoe. Kama yamekunywa mafuta mengi, na vilevile kwa sambusa na bajia, tanguliza kipande cha jani la mgomba ndani ya mfuko. Pitisha jani juu ya moto haraka hadi libadilike rangi na kulainika, lifute, likate kwa ukubwa wa mfuko. Halipasuki, halipitishi mafuta, na mabaki yake ni ya mbuzi. Kwa sisi wa magharibi ambao mgomba uko nyuma ya nyumba, sioni sababu ya kununua karatasi ya jikoni kwa kazi hii.

Mayai, nyama, samaki na maharagwe ndani ya mkate ni habari nyingine. Tatizo hapa ni joto, si mfuko. Chakula kilichopikwa cha aina hiyo hakipaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Mchana wa Kisumu unakaribia nyuzi 30 miezi mingi, na begi lililoachwa dirishani linazidi hapo. Mtoto anayeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi hafai kufungiwa mkate wa mayai wa kula saa saba, uwe kwenye kitambaa, plastiki au mkebe wa bei. Mpe mayai nyumbani na umfungie kitu kikavu.

Nyama mbichi isiingie kamwe. Omena nao wawe na mfuko wao, hata wakiwa wakavu kabisa, na ukae jikoni. Harufu ya omena ikishaingia kwenye pamba utaifua hadi mfuko uchakae, na bado paka wa jirani ataufuata kwenye kamba.

Kufua

Mwambie mtoto aukung'ute mfuko shuleni, au aukung'ute anapofika mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Makombo yaliyolala usiku kucha ndani ya mfuko huita sisimizi na mende, na begi zima linakuwa njia yao.

Jioni ugeuze ndani nje, kifuniko kikiwa wazi. Kwa mkate mkavu na njugu, maji ya kawaida na sabuni ya kipande vinatosha. Kwa siagi na mafuta, tumia maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono. Sugua bitana kwenye mishono ya pembeni, hasa pembe mbili za chini. Humo ndimo kila kitu kinakojificha. Ukiwa na mswaki wa zamani, hiyo ndiyo kazi yake. Suuza mara mbili. Usitumie dawa za kulainisha nguo zenye marashi, maana mkate unavuta harufu na utakuwa na ladha ya maua ya dukani.

Doa la manjano la binzari au mchuzi litakusumbua. Lisugue kwa sabuni, uanike juani likiwa bado bichi, na urudie. Jua lenyewe hulififisha. Jiki isubiri bitana nyeupe peke yake, isuuzwe sana, na isizoeleke.

Mara moja kwa mwezi, au mfuko ukianza kunuka hata baada ya kufuliwa, uchemshe kwenye sufuria kwa dakika 10. Ndiyo faida ya pamba tupu. Ile yenye bitana ya plastiki haithubutu.

Anika mdomo ukiangalia chini, umebanwa kwa vibanio kwenye mkunjo wa chini, ili maji yasijikusanye kwenye kifuniko. Juani, kwa upepo wa alasiri unaotoka ziwani, mfuko wa tabaka mbili haukawii kukauka. Tatizo ni Machi hadi Mei. Miezi hiyo usianike karibu na jiko la makaa au kuni, kwa kuwa moshi unaingia kwenye pamba na hautoki kirahisi. Kamua ndani ya taulo kavu, tundika ndani ya nyumba mahali penye hewa, na asubuhi pitisha pasi pande zote mbili hadi mvuke uishe. Kwa pasi ya makaa weka kitambaa safi juu yake, jivu lisidondokee mahali pa chakula. Ukigusa mshono wa pembeni na bado una ubaridi, haujakauka, usiweke kitu.

Ndiyo maana kila mtoto anahitaji mitatu: mmoja uko shuleni, mmoja uko kwenye kamba, mmoja uko kabatini. Ukishona mmoja mmoja kama zawadi, utapendwa siku mbili, kisha usahaulike.

Ukiona nukta nyeusi kwenye mishono zisizotoka hata kwa kuchemsha, huo ni ukungu, na mfuko huo umemaliza kazi ya chakula. Ukate mishono, uchemshe kitambaa, ukitumie kupangusia meza.

Ukitaka kitambaa cha nta

Watu huuliza kuhusu nta ya nyuki, kwa sababu kitambaa kilichopakwa nta hakipitishi unyevu upesi. Kinafanya kazi, lakini ni cha kufungia, si cha kushona mfuko: nusu limau, kipande cha jibini, au mdomo wa bakuli. Nta safi utaipata kwa wauza asali wanaoleta kutoka Baringo na Pokot. Inanukia asali. Ile nyeupe isiyo na harufu inayouzwa kama mishumaa ni parafini, inayotokana na mafuta ya petroli, iache.

Tandaza kipande cha pamba cha sentimita 30 kwa 30 juu ya karatasi ya kuokea, paruza nta kama gramu 15 juu yake kwa usawa, funika kwa karatasi nyingine, na upitishe pasi ya joto la wastani hadi uone nta imeenea kila mahali. Weka gazeti nene chini ya yote ili meza isiharibike, na utumie pasi ambayo hutajuta ikipata doa. Ukichagua kuyeyusha, weka bakuli la nta ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu nta ikipata joto kupita kiasi inashika moto kama mafuta. Nta tupu hukakamaa na kufanya nyufa baada ya muda. Pasi nyingine huzifunga.

Kasoro yake kubwa kwa mji wetu ni kwamba nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na huanza kulainika na kunata mapema zaidi ya hapo. Maji ya moto huing'oa, kwa hiyo inafuliwa kwa maji baridi na sabuni kidogo tu, na kitu kinachofuliwa kwa maji baridi pekee hakifai kwa nyama wala kwa mafuta. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, utaikuta imeshikana na kila kilichokuwa karibu nayo. Iweke kabatini, mbali na jiko, imetandazwa au imeviringishwa, na vya kubebea shuleni viendelee kuwa vya pamba isiyopakwa kitu.